Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutafuta na Kulinganisha Shahada za Nishati Jadidifu kwa Wanafunzi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Nimefundisha Fizikia katika sekondari za Mwanza kwa miaka mingi, na kila unapofika msimu wa udahili, meza yangu ya kulia chakula hapa Nyegezi hujaa miongozo, mitaala iliyochapwa na vijana wenye kalamu za risasi. Majibu yaliyo hapa chini yametokana na mazungumzo ya meza hiyo. Nimeyaandika kwa ajili ya mwanafunzi wa kidato cha sita, mwenye stashahada anayetaka kuendelea na mzazi anayelipa ada, nikiwafikiria zaidi wale wa Ukerewe, Sengerema, Magu na Misungwi ambao hawawezi kupanda gari kila wiki kwenda kuuliza chuoni.

Je, nishati jadidifu ni shahada moja inayojitegemea?

Kwa shahada ya kwanza, somo hili limegawanyika katika makundi matatu, na ni muhimu kuyatofautisha mapema kwa sababu mwongozo wa udahili hauyapangi pamoja.

Kundi la kwanza ni la shahada zenye jina lenyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa mfano, kina Shahada ya Sayansi katika Uhandisi wa Nishati Jadidifu. Kundi la pili ni la shahada pana za uhandisi, hasa uhandisi wa umeme na uhandisi wa mitambo, ambazo ndani yake zina kozi za umeme wa jua, upepo, maji na tungamotaka, yaani nishati itokanayo na kuni, samadi na mabaki ya mimea. Hizi zinapatikana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na kwingineko, na hapa kwetu Malimbe Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kimekuwa kikifundisha uhandisi wa umeme na uhandisi wa ujenzi. Kundi la tatu ni la sayansi na usimamizi: fizikia, sayansi ya mazingira, uchumi na mipango, ambamo nishati husomwa kama eneo la matumizi.

Mwanafunzi anayetafuta neno "jadidifu" peke yake kwenye orodha ataliona kundi la kwanza tu, na atayapita makundi mawili ambayo yamewatoa wataalamu wengi wanaofanya kazi hii leo.

Nianzie wapi kutafuta?

Anza na mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Huwa kuna mwongozo wa wahitimu wa kidato cha sita na mwongozo mwingine wa wenye stashahada, na yote miwili hupatikana bure kwenye tovuti ya Tume. Kila programu huonyeshwa jina lake, namba yake, masomo yanayotakiwa, alama za chini, idadi ya nafasi na muda wa masomo. Programu isiyomo kwenye mwongozo wa mwaka husika isikupotezee muda, hata kama bango lake limebandikwa Buzuruga stendi na lina picha nzuri ya paneli za sola.

Usitumie mwongozo wa mwaka jana. Programu hubadilishwa majina, nafasi hupungua au kuongezeka, na masharti hurekebishwa.

Ninashauri kazi hii ifanyike kabla ya mtihani wa mwisho wa Mei, au mara tu baada yake. Matokeo hutoka kwa kawaida mwezi Julai, wakati vijana wengi wako kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria na hawana nafasi ya kukaa na karatasi. Aliyekwisha kulinganisha nyumbani huingia kambini na orodha yake mfukoni. Ambaye hajalinganisha huchaguliwa chuo na rafiki.

Nikishapata programu nne au tano, nizilinganishe vipi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo wanafunzi wachache huliuliza. Wengi hulinganisha majina ya vyuo, umbali kutoka nyumbani na ada. Mambo hayo yana uzito wake, lakini hayakuambii utafundishwa nini. Kinachokuambia ni mtaala, yaani orodha ya kozi za kila muhula pamoja na krediti zake. Vyuo vingi huiweka kwenye tovuti au kwenye kitabu cha chuo, na kisichoiweka hakiwezi kukunyima ukiomba kwa barua ya heshima kwa idara husika.

Ukishaipata, ichape. Skrini ya simu haitoshi kwa kazi hii. Tandaza mitaala miwili mezani, kisha shika kalamu na upitie kozi moja moja, ukiweka alama tatu tofauti. Alama ya kwanza ni ya kozi za msingi: hisabati, umemenguvu (uzalishaji na usafirishaji wa umeme mkubwa), thermodinamiki (sayansi ya joto na nishati), mekanika, elektroniki. Ya pili ni ya kozi za nishati yenyewe: sola, upepo, maporomoko madogo ya maji, bayogesi, uhifadhi wa nishati, gridi ndogo (mtandao wa umeme wa kijiji au kisiwa), uchumi wa nishati. Ya tatu ni ya kozi za jumla kama stadi za mawasiliano na ujasiriamali. Halafu jumlisha krediti za kila alama.

Kwa mfumo wa vyuo vikuu vyetu, krediti moja inalingana na saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Kwa hiyo shahada ya uhandisi ya miaka minne ina krediti zisizopungua 480, na shahada ya sayansi ya miaka mitatu 360. Tuseme umekuta kwamba shahada yenye jina la nishati ina krediti 60 tu za nishati yenyewe kati ya 480. Hiyo ni moja ya nane. Inawezekana kabisa ukageukia mtaala wa uhandisi wa umeme uliokuwa pembeni yake ukakuta kiasi kilekile, pamoja na msingi mzito zaidi wa hisabati. Mwanafunzi anayeona jambo hili kwa kalamu yake mwenyewe hukaa kimya kidogo, kisha huanza kuuliza maswali ya maana.

Baada ya kuhesabu, tazama mambo ambayo karatasi haiyasemi waziwazi. Je, kozi ya sola ina saa za maabara, au ni mihadhara mitupu? Je, karakana ina paneli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa majumbani), betri na vifaa vya kupimia vinavyotosha wanafunzi waliopo, au kuna seti moja ya kuonyesha wageni? Mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi, na ni nani anayemtafutia mwanafunzi nafasi? Wahadhiri wa kozi za mwaka wa tatu na wa nne ni waajiriwa wa kudumu au hukodiwa kwa muhula? Maswali haya muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si ofisi ya udahili. Mwaka wa kwanza bado hajaona karakana, na wa nne anawaza utafiti wake.

Nitajifunza nini hasa? Je, ni kufunga sola juu ya bati?

Kufunga sola juu ya bati ni ufundi wenye heshima, na unaweza kuusoma katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA kwa muda mfupi. Shahada inakufundisha kukokotoa, kubuni na kuwajibika kwa mfumo mzima. Naomba nitumie mfano ambao kila mtu wa ufukweni ataufahamu.

Siku za giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa huingia ziwani jioni na taa zao. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa za ledi zenye betri zinazochajiwa kwa jua zimeenea. Mwanafunzi wangu mmoja alikutana mwaloni Kirumba na mvuvi aliyekuwa analalamika kwamba taa yake ni feki, kwa kuwa huwaka vizuri tangu saa moja jioni lakini ikifika saa nane usiku inazimika, dagaa wakiwa ndio kwanza wamekusanyika. Kijana hakubisha. Aliigeuza taa akasoma wati 10, akageuza paneli akasoma wati 20, kisha akaandika nyuma ya daftari.

Taa ya wati 10 ikiwaka kwa saa 10, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, inahitaji wati-saa 100. Jua la Mwanza kwa wastani linaweza kuchukuliwa kama saa 5 za jua kali kwa siku. Paneli ya wati 20 ingetoa wati-saa 100 kwenye karatasi, lakini vumbi, joto, nyaya na betri yenyewe hula karibu asilimia 30, kwa hiyo kinachobaki ni wati-saa 70. Wati-saa 70 kwa taa ya wati 10 ni saa saba. Saa moja jioni ukiongeza saa saba, unafika saa nane usiku kamili. Taa haikuwa feki. Paneli ilikuwa ndogo. Ilihitajika ya wati 30 angalau, na 40 kwa siku za mawingu, pamoja na betri ya volti 12 isiyopungua ampea-saa 17 kama ni ya asidi, kwa sababu betri ya aina hiyo hufa upesi ikinyonywa zaidi ya nusu.

Hesabu hiyo ya daftarini, ukiikuza hadi kufikia kiwanda cha minofu ya sangara, hospitali ya wilaya au kijiji kizima, ndiyo utakayoifanya kwa miaka minne. Ukiona mtaala ambao mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kuwahi kuifanya kwa mkono wake na kuipima kwa kifaa, ushushe chini kwenye orodha yako.

Natakiwa niwe na ufaulu gani?

Sharti la jumla la TCU kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa alama A hadi E katika masomo mawili yanayohusiana na programu, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa uhandisi, masomo hayo karibu kila mahali ni Fizikia na Hisabati, na mara nyingi huongezwa sharti la Kemia kwa kiwango fulani. Mwenye stashahada hutakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi katika fani inayoendana, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Hayo ni masharti ya chini. Chuo kinaweza kuweka ya juu zaidi, na programu zenye waombaji wengi hujaa kwa pointi zilizo juu sana ya zilizoandikwa.

Nimesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Je, mlango umefungwa?

Mlango wa uhandisi kwa kweli ni mgumu, kwa sababu bila Hisabati ya kidato cha sita hutaweza kufuata kozi za mwaka wa kwanza hata kama ungepokelewa. Lakini nishati ina upande wa biolojia na kemia ambao watu wa Mwanza tunaudharau bila sababu. Bayogesi kutokana na samadi na mabaki ya samaki, mkaa mbadala, majiko sanifu na ubora wa hewa jikoni vyote vinahitaji mkemia au mtaalamu wa mazingira. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Tafuta shahada za sayansi ya mazingira, kemia au uhandisi wa kilimo kadiri masharti yanavyoruhusu, kisha angalia kama zina kozi za tungamotaka.

Kipi bora: uhandisi wa umeme au uhandisi wa nishati jadidifu?

Nitasema ninavyoamini. Kwa shahada ya kwanza ninaelemea upande wa shahada pana, yaani umeme au mitambo, iliyo na kozi za kutosha za nishati, halafu ubobezi ufanywe kwenye umahiri, yaani shahada ya pili. Soko letu bado linatangaza nafasi kwa majina ya zamani, na mhandisi wa umeme anaweza kuomba kazi ya sola, ya mgodi Geita na ya kiwanda cha vinywaji kwa cheti kilekile.

Hata hivyo, kama ulinganisho wako wa mezani unaonyesha kwamba shahada ya nishati jadidifu ina umemenguvu, mashine za umeme, udhibiti na hisabati kwa kiwango kinachokaribiana na uhandisi wa umeme, na juu yake ina maabara halisi, ichague bila woga. Nimewaona wanafunzi walioipenda fani hii tangu kidato cha pili, na upendo huo huwabeba muhula wa tatu unapokuwa mgumu.

ERB ni nini, na inanihusu vipi kabla hata sijaanza chuo?

ERB ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa sheria ya mwaka 1997, huwezi kufanya kazi kama mhandisi nchini bila kusajiliwa nayo. Mhitimu huanza kama mhandisi mhitimu, hupitia mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, ambayo kwa mpango wa Bodi huchukua miaka mitatu, na ndipo huomba kuwa mhandisi mtaalamu. Bodi husajili wenye shahada inazozitambua. Kwa hiyo, kabla ya kuijaza programu katika fomu, uliza swali moja tu: je, shahada hii inatambuliwa na ERB? Liulize chuoni na uliulize kwenye Bodi yenyewe, kisha linganisha majibu.

Shahada za sayansi za miaka mitatu hazikuelekezi kwenye usajili huo. Hilo si kasoro kama lengo lako ni utafiti, ualimu, sera au biashara.

Je, kuna faida ya kusoma karibu na ziwa?

Ipo. Gharama ya chumba na chakula huwa jambo la kweli kwa familia nyingi, na anayesoma Malimbe akiwa anatoka Igoma anaweza kurudi nyumbani mwisho wa juma. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata wa Sengerema na Buchosa hawasubiri tena kivuko. Lakini usikubali umbali uwe ndio kigezo cha kwanza. Miaka minne hupita, na cheti hubaki.

Ukivuka mpaka ukiwa bado ufukweni, utakuta Bondo, Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga kina shahada ya teknolojia na usimamizi wa nishati jadidifu. Zingatia neno "teknolojia" hapo: ni fani nzuri kwa anayetaka kusimamia miradi, lakini mwenye nia ya kusajiliwa kama mhandisi hapa Tanzania aulize ERB kabla ya kulipa chochote. Kumbuka pia kwamba shahada ya uhandisi Kenya huchukua miaka mitano, na mwaka huo wa ziada una gharama.

Kwa upande wa ufundi, Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai, mahali penye mtambo halisi wa maporomoko ya maji. Kwa mwanafunzi anayejifunza kwa mikono kuliko kwa vitabu, mimi hukitaja kituo hiki mapema.

Wakala ameniahidi nafasi ya shahada ya nishati jadidifu nje ya nchi. Nimwamini?

Thibitisha kwanza kama wakala huyo anatambuliwa na TCU. Kisha thibitisha chuo chenyewe, kwa sababu tuzo za nje hulazimika kufanyiwa ulinganifu na TCU ndipo zitambulike hapa. Mtanzania anayekwenda kusoma nje pia anashauriwa kuwasiliana na Tume kabla ya kuondoka, ambayo hupitia sifa zake na za programu anayoiendea.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Kijana mmoja kutoka Buchosa, ambaye baba yake aliuza ng'ombe na injini ya mtumbwi, alipelekwa nchi ya mbali kwa ahadi ya uhandisi wa nishati. Alirudi baada ya miaka mitatu na karatasi iliyoandikwa kwa herufi za dhahabu, ambayo ilionekana ni ya kiwango cha chini ya shahada. Alilia mezani kwangu. Tulikaa naye tukaisoma ile orodha ya kozi kwa pamoja, na ndani yake hapakuwa na hisabati yoyote baada ya muhula wa kwanza. Orodha hiyo ilikuwepo kwenye bahasha tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeifungua akaisoma.

Ada ni kiasi gani, na mkopo unapatikana?

Ada hutofautiana kwa chuo na kwa mwaka, kwa hiyo soma ile iliyo kwenye tangazo la mwaka wako, na ongeza gharama ambazo haziandikwi kwa wino mkubwa: mafunzo kwa vitendo, vifaa vya kuchorea, kompyuta na nauli.

Mikopo ya shahada ya kwanza hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa wahitaji waliodahiliwa katika vyuo vya umma na vya binafsi vinavyotambuliwa. Maombi hufanyika mtandaoni. Kinachowakwamisha vijana wetu wa visiwani mara nyingi ni cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au cheti cha kifo cha mzazi ambacho hakikuwahi kuchukuliwa kabisa. Mambo haya huchukua majuma, na mtu wa Ukara huhitaji kuvuka maji mara mbili kuyafuatilia. Yaanze mwezi Machi.

Kuna pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, kwa waliofanya vizuri sana kidato cha sita katika masomo ya sayansi na kudahiliwa katika sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Ufadhili huu haurudishwi kama mkopo.

Kuna kazi kweli, au tunasoma kwa kufuata upepo?

Tazama ramani inayotuzunguka. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Karibu zaidi nasi, maporomoko ya Rusumo kwenye Mto Kagera, ambao huishia ziwani kwetu, yanatoa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kishapu, Shinyanga, upo mradi wa umeme wa jua uliopangwa kufikia megawati 150, na awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Na kisiwani Ukara, kijiji cha Bwisya kilianza kupata umeme wa gridi ndogo ya jua mwaka 2016.

Kila kimojawapo kinahitaji aina tofauti ya mtaalamu, na hapa ndipo ulinganisho wa mitaala unapolipa. Rusumo humhitaji mtu wa mashine kubwa na mitambo ya maji. Kishapu humhitaji mtu wa umemenguvu anayejua jinsi kituo cha jua kinavyoungwa na gridi ya taifa bila kuitikisa wingu linapopita. Ukara humhitaji mtu anayejua betri, lakini pia anayejua kukaa na wanakijiji wakaelewana kuhusu bei ya uniti. Jiulize unajiona wapi, halafu rudi mezani uangalie ni mtaala upi unaokupeleka huko.

Siwezi kuahidi ajira ya serikali. Wahitimu wengi ninaowafahamu walianza kwa kufunga mifumo ya sola kwa mkataba, wakachukua leseni ya kazi za umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ndipo wakapata nafasi za kudumu.

Mimi ni mzazi na sikusoma sayansi. Nitamsaidiaje mwanangu?

Mama mmoja muuza dagaa aliniuliza hivyo, na nikamjibu kwamba anaweza kumsaidia kuliko mwalimu. Mwambie mwanao akae mbele yako akueleze, kwa Kiswahili cha kawaida, tofauti kati ya programu mbili alizochagua. Asipoweza kukueleza wewe, bado hajazisoma. Ndugu mzazi, tafadhali usimlazimishe udaktari kwa sababu jirani ana mtoto hospitali ya Bugando, na usimkataze binti kwa hofu ya kupanda nguzo. Mhandisi wa nishati hushinda zaidi mbele ya kompyuta na vipimo kuliko juu ya nguzo, na baadhi ya wanafunzi wangu walio makini kabisa katika hesabu za mifumo ni mabinti.

Nimechaguliwa na vyuo viwili. Nifanye nini?

Maombi siku hizi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo, kwa hiyo jambo hili ni la kawaida. Utatumiwa namba ya uthibitisho, na unapaswa kuthibitisha chuo kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Ukinyamaza, unaweza kuzikosa zote mbili.

Nikimaliza shahada ya kwanza, umahiri wa nishati uko wapi?

Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, hufundisha sayansi na uhandisi wa nishati endelevu kwa ngazi za umahiri na uzamivu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina umahiri wa nishati jadidifu. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha ubora cha Afrika kinachoshughulikia nishati kwa maendeleo endelevu. Taasisi ya Sayansi ya Maji na Nishati ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika, iliyoko Tlemcen, Aljeria, huwapokea Waafrika kwa ufadhili na ina njia ya uhandisi na njia ya sera. Ujerumani, Chuo Kikuu cha Oldenburg kimekuwa na programu ya umahiri ya nishati jadidifu tangu mwaka 1987, na wengi waliopitia hapo wanatoka nchi kama yetu. Kwa jotoardhi, Iceland ina mafunzo maalumu ya miezi sita kwa wataalamu ambao tayari wako kazini.

Njia ya kulinganisha ni ileile ya kalamu na mitaala, ila hapa ongeza jina la msimamizi wa utafiti. Soma alichokiandika kabla ya kumwandikia.

Na nikikosa nafasi mwaka huu?

Chukua stashahada ya uhandisi wa umeme katika chuo kinachotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Serikali ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, na uhandisi wa nishati umo katika maeneo yaliyopewa kipaumbele. Ukipata GPA ya 3.0 utaomba shahada ukiwa tayari umeshika inveta, umebana nyaya na umepima betri. Yule kijana wa mwaloni Kirumba alipita njia hiyo. Mwaka jana aliniletea mtaala wa mwaka wake wa pili chuoni, umejaa alama za kalamu, akitaka tujadili kozi za hiari atakazochukua mwaka wa tatu.